Taa ya Mafuta

Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, na vyeti hata mimi ninavyo, lakini mtu niliyemwonea gere kwa ujuzi wake ni mmoja tu. Alikuwa dereva wa idara yetu pale Handeni, mzee wa Kizigua ambaye shule aliiona kwa nje tu alipokuwa akipita na lori. Jina lake silitaji, kwa sababu hakupenda kutajwatajwa, na kwa sababu katika habari hii mwenye aibu ni mimi.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa bibi maendeleo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwafundisha akina mama usafi, lishe na malezi ya watoto. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mtoto, na sidhani kama nilikuwa nimewahi kumwogesha mtoto wa mtu peke yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwetu ni Dindira, juu milimani kwa Wasambaa, kwenye chai na ukungu. Barua ya kupangiwa Handeni ilipofika nililia siku mbili, maana juu kule tulikuwa tukiambiwa kwamba Handeni hakuna maji, hakuna kivuli, na watu wake wanakula mahindi makavu kwa hasira.

Siku ya kwanza niliporipoti kazini mzee yule alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, nikiwa na sweta langu mchana wa jua kali, akamwambia karani, "Wametuletea Msambaa mbichi. Itabidi tumwanike kidogo." Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nikamjibu kwamba kwetu watu hawaanikwi, huanikwa mihogo, na ndiyo maana Wazigua wote wamekauka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kumbe alikuwa akinipima kama utani wa Wazigua na Wasambaa ninaujua. Tangu siku ile tukawa watu wa nyumba moja.

Gari lenyewe lilikuwa la turubai, lenye gia ya ziada ya kupandia milima, limechakaa kwa nje lakini injini yake ilikuwa safi kuliko jiko langu. Kila jioni alitandika gunia jeupe la unga chini ya injini. Asubuhi, baada ya swala, alilivuta, akalikunjua juani na kulitazama taratibu, kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Doa jeusi ni oili ya injini. Unyevu usio na rangi ni maji. Doa la karibu na gurudumu ni breki. Gunia likiwa halina kitu alilikung'uta vumbi, akalikunja na kusema, "Limelala vizuri." Kisha alifungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena na kukisoma. Asubuhi zote, hata sikukuu, hata siku ambayo hatuendi kokote. Nilikuwa nikisimama na kikombe changu cha chai nikimwangalia, na nakiri kwamba hakuna mwalimu wangu yeyote chuoni niliyemwona akiipenda kazi yake kiasi kile.

Kunifundisha kuendesha gari lilikuwa wazo lake. "Mimi ni mtu mzima," alisema. "Siku nikiumwa huko porini, nani atanirudisha? Karani?" Akanishughulikia leseni ya kujifunzia, na kila Jumamosi jioni tukawa tunakwenda kwenye uwanja wa ghala la pamba. Watu walikuja kutazama mwanamke akiendesha, na gari lilipozimika wote walikaa kimya kwa adabu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama wangecheka. Mzee hakunipandishia sauti hata mara moja. Aliniambia nisikilize injini kwanza ndipo nishike gia, kwa sababu injini huomba gia yenyewe, na mimi kazi yangu ni kuitikia. Nilifikiri ni maneno ya kizee. Baada ya wiki tatu nikaisikia ikiomba, nikaitikia, na gari likaenda kama maji. Nilifurahi siku ile mpaka nikasahau kwamba nina sweta la kuvua.

Somo la taa alinipa siku hiyohiyo. Aligeuza ufunguo nusu, bila kuwasha injini, na mbele ya usukani zikatokea taa mbili ndogo, moja nyekundu na moja ya kijani.

"Hii nyekundu ni taa ya moto," alisema. "Hii ya kijani ni taa ya mafuta. Ukiwasha gari zinazimika zote. Ikirudi mojawapo njiani, kuna neno. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli nilielewa, ila nilielewa ya kwangu. Kwa madereva na mafundi, moto ni umeme: betri ina moto, betri haina moto. Mimi niliposikia moto nilielewa joto, kwamba injini imechemka. Kuhusu mafuta, ndiyo kabisa. Lugha yetu ni tajiri, lakini kwenye neno hili ilifanya ubahili. Samli ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya nywele ni mafuta, ya nazi ni mafuta. Na mtu wa kawaida akisema gari limeishiwa mafuta, ana maana ya petroli. Yeye petroli aliiita petroli. Mafuta, kwake yeye, yalikuwa yale yanayolainisha vyuma ndani ya injini, yaani oili. Nikaondoka pale uwanjani nikijua kwamba ile taa ya kijani ikiwaka, petroli inakaribia kwisha.

Halafu ilikuwa ya kijani. Sijui watu wa siku hizi wanaionaje rangi hiyo, lakini sisi wakati ule tulikuwa hatuna ugomvi nayo. Ilikuwa rangi ya bendera na rangi ya mahindi yaliyopata mvua. Mtu wa Handeni akiona kijani anamshukuru Mungu. Sikuweza kuiogopa taa ya rangi ile hata ningetaka.

Sasa nisimulie siku yenyewe. Tulikuwa tumelala siku mbili katika kijiji kimoja cha Kwaluguru, mimi nikiendesha semina ya usafi. Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka nje na kikombe changu cha chai, sikumwona mzee kwenye gunia lake. Nilimkuta ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, mikono imebana tumbo kwa chini, jasho linamtiririka na baridi ya asubuhi haijaondoka. Nikamsalimia, hakuitikia. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mzee yule angeitikia salamu hata akiwa ndani ya kisima.

Nilimkimbilia dresa, ndivyo tulivyomwita mhudumu wa zahanati. Alimchunguza nyuma ya turubai, akatoka akanivuta pembeni.

"Ni ngiri," alisema. "Alikuwa nayo siku nyingi, anaificha. Sasa imejinyonga, utumbo umebanwa. Hapa sina dawa yake, dawa yake ni kisu. Mfikishe Korogwe leo mchana. Jua likizama hajafika, utakuwa umempeleka kuzikwa."

Nikauliza ni nani kijijini anaweza kuendesha gari. Dresa alitikisa kichwa. Sauti ilitoka ndani ya turubai, nyembamba, lakini ni ile ile: "Ufunguo uko mfuko wa kulia. Msambaa achukue."

Tulimlaza nyuma juu ya godoro. Dresa hakuweza kuwaacha wagonjwa wake tuende naye, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nilivuta lile gunia kutoka chini ya injini, nikalikunja haraka na kumwekea kichwani. Sikulitazama. Kijiti cha oili sikukivuta. Nilichofanya ni kuangalia geji ya petroli, nikaona tangi limezidi nusu, nikajiona mtu makini sana.

Saa ya kwanza niliendesha vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu sifa ni za aliyenifundisha. Barabara ilikuwa ya vumbi, yenye mashimo, na kila shimo nililipitia nikifikiria tumbo la mtu aliye nyuma yangu. Alikuwa ameuma kitambaa asipige kelele. Nilimsikia akihema, na kila alipohema nilipata hamu ya kukanyaga zaidi.

Kwenye kona moja ya kuteremka, ile taa ya kijani ilinikonyeza. Iliwaka, ikazimika. Nikatazama geji: petroli ipo. Kona iliyofuata ikakonyeza tena. Nikaitazama geji tena, nikasema moyoni kwamba gari la serikali nalo lina uongo wake. Kwa muda mrefu iliendelea hivyo, kila kona na kila mteremko, nami nikaanza kuichukia kama unavyomchukia mtu anayekugusa bega ukiwa na haraka zako. Mwishowe ikawaka moja kwa moja, haizimiki. Nikaacha kuitazama.

Ndipo injini ikaanza kugonga. Ilianza kwa mbali, ikasogea, ikawa kama mtu anatwanga kwenye kinu kidogo. Nyuma yangu mzee alipiga bati mara mbili kwa kiganja.

"Zima," alisema.

"Mzee, tumeshafika karibu na mashamba ya mkonge. Bado kidogo tu."

"Zima, binti."

Nilizima, gari likaserereka mpaka pembeni likasimama. Nikageuka. Alikuwa amekitoa kile kitambaa mdomoni na macho yake yalikuwa mekundu.

"Taa gani?"

"Ya mafuta."

"Iliwaka lini?"

"Sasa hivi," nikasema.

Nilidanganya. Nilikuwa nimetazamana na taa ile njia nzima, lakini ulimi ulitangulia. Kisha, kana kwamba uongo haujatosha, nikaongeza, "Lakini mafuta yapo, mzee. Nimeangalia geji, tangi limezidi nusu."

Alifumba macho. Nikadhani ni maumivu. Sasa najua kwamba alikuwa ameelewa kosa langu kabla mimi sijalielewa. Hakusema lolote juu yake. Alisema tu, "Fungua boneti. Vuta kijiti."

Nilivuta. Kilitoka kikavu, na tone moja kwenye ncha. Nikamwonyesha. Hapo ndipo nilipojua mafuta ni yapi. Nilisimama barabarani na kile kijiti mkononi, nikiwaza kwamba mtu huyu atafia hapa, na aliyemuua ni mimi na geji yangu.

"Usilie," alisema, ingawa sikuwa nimeanza. "Ingia chini. Utaona bakuli la chuma limeshika tumbo la injini, na nati moja kubwa katikati. Iguse. Inacheza?"

Nilivua viatu, nikajifunga kitenge sawasawa, nikajiingiza chini ya gari kwa mgongo. Nati ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wake wa mwisho, na oili inadondoka. Mashimo ya njia ya Kwaluguru yalikuwa yameilegeza kidogo kidogo, labda kuanzia siku tulipokwenda. Spana iliyokuwa saizi yake alinielekeza ilipo, ndani ya kopo la maziwa chini ya kiti, ya tatu kutoka juu. Alijua mpangilio wa spana zake akiwa amelala na utumbo umejinyonga. "Kaza mpaka ikatae," alisema. "Ikishakataa, ongeza kidogo tu, halafu uiache." Nilikaza. Ilikataa. Niliongeza kidogo, nikaiacha.

Nilipotoka chini niliona gunia lililokuwa kichwani mwake limefunuka upande. Lilikuwa na doa jeusi ukubwa wa sahani. Nililikunja vizuri, nikamrudishia, wala sikumwambia.

Oili ya akiba haikuwepo. Kila siku alibeba kopo zima, lakini siku mbili kabla alilimimina lote kwenye lori la pamba lililokuwa limekwama, la watu asiowajua. Nilikumbuka nilivyomnung'unikia siku ile kwa sababu tulichelewa semina.

"Kijiji gani hiki?" aliuliza.

Nikamtajia. Nyumba zake mpya za safu zilionekana kutoka barabarani.

"Wana mibarika?"

Mibarika ilikuwa imejaa kando ya nyumba zote. Nikamwambia ndiyo.

"Kaombe mafuta ya nyonyo, yale ya mbegu zake. Yasiyopungua galoni." Akapumzika, akahema. "Wakati wa vita vya Wazungu, kwenye mkonge huku Korogwe, oili haikuja kutoka Ulaya. Fundi wetu alikamua nyonyo, tukatia kwenye matrekta. Yanashika chuma vizuri. Si ya kukaa nayo, lakini yatatufikisha."

Nilikwenda mbio mpaka uani kwa mwenyekiti wa akina mama, na nilipofika nikakumbuka. Kijiji hiki nilikuwa nimekifanyia semina mwezi uliopita. Katika semina ile niliwakemea kwa kuwapaka watoto wachanga mafuta ya nyonyo. Kitabu changu cha mafunzo kilisema watoto wapakwe mafuta safi ya dukani, nami nikaongezea ya kwangu, kwamba hayo ya nyonyo yana uchafu na yanaziba ngozi, na nyumba yenye chupa yake ni nyumba isiyotaka maendeleo. Waliitikia wote kwa pamoja. Niliandika kwenye ripoti kwamba somo limepokelewa vizuri.

Walikuwa wanapukuchua mahindi, akina mama kama kumi. Nikasalimia, nikasema nina mgonjwa barabarani, naomba mafuta ya nyonyo.

Walitazamana.

"Ya nyonyo hatuna, bibi maendeleo," alisema mwenyekiti wao kwa upole. "Si ulituambia tuache. Tukaacha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tunafuata mafunzo."

Wengine wakaitikia kwamba wanafuata mafunzo. Mtoto mmoja mchanga alikuwa mgongoni kwa mama yake palepale, kichwa kinang'aa kwa mafuta, na harufu yake naijua. Waliniona nimemwona. Hakuna aliyetingishika. Ningekuwa siku nyingine ningepandisha hasira. Siku ile nilielewa kwamba wananiheshimu kwa namna waliyoifahamu: mkubwa akija na amri, anapewa ndiyo yake, na maisha yanaendelea nyuma ya mlango. Sasa nilikuwa naiomba ile siri ambayo mimi mwenyewe nimewafundisha kuificha.

Nikapiga magoti kwenye maganda ya mahindi. "Mama zangu," nikasema, "siku ile nilisema nisichokijua. Mimi sijazaa wala sijalea. Nilisoma kwenye kitabu, nikaja kuwasomea. Mafuta yenu hayana ubaya wowote niliouona kwa macho yangu. Yule dereva wangu, mzee mnayemfahamu, utumbo wake umejinyonga, na gari halina oili ya kumfikisha Korogwe. Nikirudi mikono mitupu atakufa kwenye gari."

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliuliza, "Yule anayesimama kuwapisha mbuzi?"

"Ndiye huyo, bibi."

"Na mafuta anapakwa wapi?"

"Hapakwi yeye. Linanyweshwa gari."

Bibi alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa iliyojaa, imezibwa kwa gunzi. Akaniwekea mkononi. Baada yake wakasimama wengine. Zilitoka chupa chini ya vitanda, vibuyu nyuma ya mitungi, kopo moja kutoka darini. Mwingine alikuwa na sufuria nzima aliyoichemsha jana, bado haijachujwa. Waliyachuja kwa kanga safi ndani ya ndoo, taratibu, bila kumwaga tone, na yule mama mwenye mtoto mgongoni alimimina ya kwake yote akageuza chupa kuhakikisha imekwisha. Galoni ilitimia na kuzidi. Mpaka leo nikisikia watu wakisema akina mama wa vijijini ni wagumu wa kuelimika, naondoka mezani.

Mzee alinielekeza pa kumimina. Yalikuwa mazito, yalishuka polepole, na akina mama walisimama kuizunguka injini kama wanaotazama mtoto akinywa uji. Nikavuta kijiti: kimelowa mpaka kwenye alama. Nikakaa kwenye usukani, nikageuza ufunguo nusu. Taa zote mbili zikawaka. Nikawasha injini. Nyekundu ilizimika palepale. Ya kijani ilibaki. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu, nne, na ya tano ikazimika.

"Imezimika?" aliuliza kutoka nyuma.

"Imezimika, mzee."

"Basi nenda. Taratibu. Ikirudi, zima, hata tukiwa katikati ya daraja."

Injini iligonga kidogo mwanzoni, kisha ikatulia. Harufu ilijaa ndani ya gari, harufu ya mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, tukaingia nayo kwenye mkonge, tukavuka nayo mto Pangani. Sikutazama mlima wala mtu. Nilitazama barabara na ile nafasi ya taa isiyowaka. Nilipoingia kwenye geti la hospitali ya Korogwe jua lilikuwa bado liko juu. Walimpokea wakamwingiza ndani kwa machela, na daktari alipomshika tumbo hakuuliza maswali, aliita wenzake.

Nilingoja kwenye benchi la saruji, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Nililia pale kwa nafasi. Daktari alipotoka aliniambia utumbo wameuwahi, bado ulikuwa na uhai, na angechelewa kidogo zaidi wangekuta umeoza. Mzee wangu ataishi. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, na katikati ya shukrani ile ule uongo wangu ulikuwa umekaa pale pale.

Kesho yake waliniruhusu kumwona. Alikuwa amelala chali, shuka kifuani, uso umerudia rangi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Kivulini. Halijaguswa."

"Mafundi wayamwage yale mafuta, waoshe, watie oili. Wasiliwashe kabla." Akanigeuzia uso. "Sasa niambie. Taa iliwaka lini?"

Nikamwambia. Nilimweleza kona ya kwanza na ya pili, na geji, na nilivyoichukia, na jinsi ilivyowaka moja kwa moja nikaipa kisogo. Nikamwambia kuhusu gunia na lile doa. Nikamwambia kwamba aliponiuliza barabarani nilidanganya. Sikumtazama usoni. Nilikuwa naiambia shuka.

"Nilisikia inagonga mapema," alisema. "Nilidhani ni mimi."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, nikaziba mdomo kwa sababu wodi ilikuwa na wagonjwa wengine.

"Kule kwenye ghala la pamba nilikwambia ni taa ya mafuta," alisema.

"Ndiyo."

"Nilisema mafuta. Sikusema oili."

"Ndiyo, mzee."

"Nimefundisha watu wengi kuendesha. Wote walikulia kwenye gereji, nikisema mafuta wanajua. Wewe umekulia kwenye chai. Nilikuuliza kama umeelewa, ukasema umeelewa. Ilinipasa nikuulize umeelewa nini." Alinyoosha mkono akaushika wangu, wenye oili kucha zote. "Unisamehe, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, kwa utani wake, hata kwa kimya chake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nimesamehe, kwa sababu mtu mzima akiomba radhi ndivyo anavyojibiwa, kisha nikatoka nikasimama ukutani nje ya wodi. Nilikuwa nimepita vijiji vingi vya Handeni nikifundisha, na hakuna mama hata mmoja niliyewahi kumwuliza ameelewa nini.